Cha Kubaki na cha Kutoka Katika Nyumba ya Wazazi

Wazee wangu, mama zangu na vijana mliofika jioni hii, nimeombwa kuzungumzia namna ya kuamua kipi kibaki na kipi kitoke tunapopunguza vitu nyumbani. Nimechagua nyumba ninayoijua zaidi, yaani ile ya wazazi waliotangulia mbele ya haki, pale arobaini inapokwisha na kila ndugu anaharakisha vyumba viwe wazi ili arudi kwake.

Wako wanaoshauri kwamba kitu kisichotumika kwa mwaka mzima kitolewe. Ushauri huo siukubali kwa nyumba zetu. Sufuria kubwa ya kupikia pilau ya watu 100 inaweza kukaa stoo miaka 2 bila kuguswa, kisha ukatokea msiba, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ukawa unaiulizia. Majamvi, masinia na mabirika makubwa ni hivyohivyo. Kwa hiyo swali si kitu kimetumika lini, bali kikihitajika tutakipata wapi na kwa nani. Redio inayomngoja fundi tangu zamani na madumu yaliyopasuka yanayozalisha mbu uani hayana haja ya swali hilo, vitoke.

Karatasi ndizo zinazotaka subira kubwa zaidi. Kwetu Tanzania Bara, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu ndani ya miezi 4, isipokuwa mahakama imuongezee muda, na orodha hiyo haiandikwi kwa kukisia. Inatokana na hati, mikataba ya mauziano, vitabu vya benki na lile daftari la madeni ambalo mzee alilificha chini ya godoro. Kabla kazi hiyo haijakamilika, isichomwe hata karatasi moja.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu sisi tulichoma. Babu alikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa karatasi za manjano, na kati yake yalikuwamo makubaliano ya kununua shamba, yaliyoandikwa kwa mkono mbele ya balozi wa nyumba kumi, na chini yake alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau. Tuliona mikunjo na vumbi tu. Miaka 3 baadaye mpaka ulipobishaniwa, mashahidi wote walikuwa wamefariki, tukapoteza safu nzima ya minazi. Aliyewasha kiberiti ni mimi.

Niongeze kwamba risiti za mashine za kielektroniki huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia, hivyo ile ya malipo makubwa itolewe nakala mapema.

Nguo zina utaratibu mwingine. Sanduku la mama linaweza kuwa na doti 40 za kanga, na haifai binti mmoja kuzichambua peke yake. Sisi tulitandika mkeka, shangazi na mama wadogo wakaketi, tukawa tunazitoa moja moja na kuzisoma majina. Ile ambayo mmoja wao aliweza kusema mama aliivaa siku gani, tuliiweka kando pamoja na kikaratasi cha maelezo. Zilizosalia waligawana palepale na kuondoka wamejifunga. Zile tulizobaki nazo huwa tunazikunjua na kuzikunja upya kwa mstari mwingine, maana kanga iliyokunjwa miaka mingi mahali pamoja huchanikia hapohapo.

Chini kabisa ya sanduku ilikuwamo picha ya wasichana wanne wamesimama mbele ya pazia la studio. Shangazi aliwataja watatu, mama akiwa mmojawapo, nasi tukayaandika majina yao nyuma kwa penseli laini. Wa nne alisema atamkumbuka kesho. Picha hiyo tumeihifadhi, na nyuma yake tumeacha nafasi ya jina moja.