Wachache Walioketi na Faili

Ndugu zangu, hili mmenisikia nikilisema mara nyingi, na nitalisema tena: Serikali haisimamiwi kwa hotuba za ukumbini. Inasimamiwa na watu wachache walioketi na faili.

Nilipokuwa karani wa kamati ya Bunge, tulikwenda halmashauri moja kukagua zahanati. Kamati ndogo, wajumbe watatu. Mmoja, mama aliyewahi kuwa mhasibu, saa nzima hakuuliza kitu. Analowesha kidole, anafunua. Kisha akasema, "Folio ya 14, karatasi yenye namba 14 ya faili, hii hapa, inayofuata ni 19. Nne za katikati ziko wapi?" Mkurugenzi akajibu ziko kwa mwanasheria, zitaletwa kesho. "Tutazisubiri leo, baba." Magharibi ikaingia, dereva anahangaika nje, tukasubiri. Zilipokuja, folio ya 17 ilikuwa hati ya kukabidhiwa jengo, imesainiwa, mkandarasi kalipwa zote. Na asubuhi ile ile tulisimama penye jengo hilo: msingi na kozi tatu za tofali, mbuzi wamelala ndani! Kamati nzima ingesomewa taarifa, ikanywa chai, ikaondoka.

Mtaniambia TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ipo. Ipo. Lakini kumbukeni Richmond. Mwaka 2007 TAKUKURU ilichunguza mkataba ule wa umeme wa dharura, megawati 100, ikasema haikuona rushwa. Kamati Teule ya Bunge, watu watano chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, ikaita mashahidi na kudai nyaraka. Taarifa yao iliposomwa Dodoma Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na mawaziri wawili pamoja naye. Watu watano! Na Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, inayoipa kamati nguvu ya kumwita shahidi na kudai karatasi, bado ipo. Kinachokosekana ni muda, na mtu wa kukataa kuambiwa "kesho".

Sakata la fedha za akaunti ya Escrow la 2014 naona muda hautoshi kulieleza. Niseme tu kwamba PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, iliingia na ukaguzi maalumu wa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, mkononi, ndiyo maana haikuyumba.

Nimalizie na maazimio, maana hapo ndipo ninapoumia. Mwulizeni mbunge wenu kamati yake imerudi lini kukagua azimio lake yenyewe. Sisi kwenye halmashauri ile hatukurudi. Uchaguzi ulikuja, kamati mpya ikaanza na faili nyingine, na zile fedha za zahanati hakuna aliyeziuliza tena.