Unga, Duara na Kundi: Jinsi Njia ya Hash Inavyowafikisha Wote Pamoja

Ndugu zangu, karibuni. Leo nazungumzia jambo moja tu katika desturi za Hash House Harriers, yaani klabu za mbio za kujifurahisha ambamo kundi hufuata njia iliyowekwa alama, nalo ni namna njia hiyo inavyowekwa. Mgeni huona kwanza nyimbo, majina ya utani na vinywaji. Undugu wenyewe, kwa maoni yangu, huwa umekwisha kutengenezwa huko porini kabla mtu yeyote hajafungua kinywa kuimba. Njia ikiwekwa vizuri, mwenye mbio na mwenye pumzi fupi hufika wakipishana dakika chache. Ikiwekwa vibaya, kundi hukatika vipande vipande, na wa mwisho hukuta wenzake wameshaanza kuondoka.

Klabu ya kwanza ilianzishwa Kuala Lumpur mwaka 1938 na Waingereza waliokuwa wakifanya kazi katika nchi ya Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo), akiwemo mhasibu Albert Gispert. Walichukua mchezo wa zamani wa kwao, ambamo mmoja au wawili hutangulia wakimwaga vipande vya karatasi na wengine huwafuata. Gispert aliuawa vitani Singapore Februari 1942. Wenzake wakaufufua mchezo baada ya vita. Mwaka 1950, walipoandikisha klabu yao, waliorodhesha malengo manne: kujenga afya ya mwili, kuondoa uchovu wa ulevi wa wikendi, kupata kiu ya haja na kuikata kwa bia, na kuwahakikishia wanachama wenye umri kwamba si wazee kama wanavyojihisi. Hakuna lengo hata moja linalotaja ushindi, na njia zetu hadi leo hupangwa kwa msingi huo.

Anayetangulia huitwa sungura, wanaofuata ni kundi. Kwa njia ya kilomita 8 sungura abebe unga wa ngano wa kuwekea alama, kilo 4 hadi 5. Hesabu yake ni rahisi: alama moja kila mita 40 ni alama 200, na kila alama hula gramu 20 au zaidi kidogo. Kwenye uwazi mita 40 zinatosha. Penye vichaka vizito punguza hadi mita 10 au 15, na kila kona iwe na alama yake. Unga uwekwe kwenye shina la mti au juu ya jiwe, upande unaomtazama anayekuja. Ukimwagwa katikati ya kijia, watu watano wa mbele huukanyaga na wa sita haoni kitu.

Sasa duara, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Sungura anachora duara la unga lenye upana wa nusu mita, na njia inakatika hapo. Muendelezo wake umefichwa upande wowote, ndani ya mita 150. Walio mbele wanatawanyika kuutafuta. Anayepata alama moja bado hana hakika, akipata ya tatu mfululizo, anapaza sauti “On-On!” na kundi linamfuata. Njia ya uongo, ambayo sungura huiweka ili kupoteza watu, huishia kwenye alama ya X baada ya alama mbili, na aliyeifuata hurudi. Klabu hutofautiana kidogo katika idadi hizi, ndiyo maana sungura lazima azitangaze na kuzichora chini kabla ya kuanza.

Duara lipo ili kula muda wa wenye kasi. Tuseme wa mbele anakimbia kilomita kwa dakika 6, wa nyuma anatumia dakika 10. Baada ya kilomita moja na nusu pengo lao ni dakika 6. Njia ya uongo ya mita 200, kwenda na kurudi, humla mkimbiaji dakika 2 na nusu, kwa hiyo moja haitoshi. Weka mbili au tatu, na duara liwe kila kilomita moja hadi moja na nusu. Lichorwe panapokutana vijia halisi. Penye kijia kimoja tu halimdanganyi mtu.

Aliyepata njia ana deni kwa walio nyuma: duara lifutwe kwa mguu upande ule njia ilikoelekea. Watu wa mbele wakisahau, anayekuja peke yake hukuta vijia vinne na kimya. Hilo ndilo kosa linalowapotezea klabu wanachama wapya kuliko kilima chochote.

Kabla ya barabara kubwa au mto, weka duara la kusubiri, ambalo hakuna anayeliacha mpaka wa mwisho afike.

Mvua hufuta unga, mifugo hulamba, sisimizi hubeba. Njia iwekwe saa chache tu kabla ya mbio. Siku ya mvua ongeza vipande vya karatasi ya chooni matawini, kisha viokotwe vyote. Msitumie chokaa ya kujengea, kwani huunguza macho na ngozi. Mjini tumieni chaki, na polisi wajulishwe mapema: unga mweupe usio na mwenyewe umewahi kuzua hofu kubwa.

Mwishoni kundi husimama mduara. Wanaoitwa katikati kunywa kikombe ni sungura, mgeni, mwenye viatu vipya, na aliyekimbia kana kwamba kuna medali. Jina la utani hupewa na wenzako, hujichagulii. Kikombe kinaweza kuwa na maji au soda, na kiongozi anayemlazimisha mtu pombe anaiharibu klabu.

Ila mduara usianze kabla ya kuhesabu watu. Nyuma ya kundi awepo mfagiaji anayeijua njia, mwenye simu na tochi. Idadi ikipungua, sungura na mwenzake mmoja warudi mpaka duara la mwisho ambapo mtu huyo alionekana, waifuate kila njia ya uongo mpaka kwenye X yake, na waliobaki wapige filimbi kila dakika moja. Pangeni mbio ziishe angalau saa moja kabla ya giza, ili msako huo ufanyike mchana.