Shoka la Kukatia Silo la Kuchanjia

Ndugu zangu, karibuni. Tuanze na kosa linalowachosha watu kuliko ugumu wa kuni zenyewe: kuchukua shoka la kukatia mti na kulitaka lichanje gogo.

Kukata ni kuzivuka nyuzi za mti. Kuchanja ni kuzitenganisha. Ndiyo maana shoka la kukatia hutengenezwa jembamba. Ukilishusha juu ya gogo lililosimama linazama sentimita nne au tano, linanaswa, na unabaki kuutikisa mpini juu na chini. Huko kutikisa ndiko kunakoulegeza mpini. Kinachopasua gogo si makali, ni mashavu ya shoka, yaani ule unene unaopanuka nyuma ya makali. Kwa hiyo ukiwa dukani au kwa mhunzi, usianze kwa kupapasa makali. Ligeuze shoka ulitazame kwa juu: mashavu yawe yamefura, na mgongo uwe na upana wa sentimita 5 hivi. Makali unaweza kuyanoa jioni hiyo hiyo; wembamba hauna dawa.

Tuje kwenye uzito. Wengi hudhani shoka zito zaidi ndilo bora. Ukiongeza uzito maradufu, nguvu ya pigo huongezeka maradufu; ukiongeza kasi maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Basi shoka la kilo 3.5 mikononi mwa mtu asiyeweza kulishusha kwa kasi hufanya kazi ndogo kuliko la kilo 2. Katika nyumba nyingi wanaochanja kuni ni kina mama na vijana, na shoka hununuliwa bila wao kulishika. Hilo ni kosa. Anayechanja ndiye anayepaswa kulijaribu, alinyanyue mara kumi mfululizo. Kichwa cha kilo 1.5 hadi 2 kinawatosha wengi. Mwenye mwili wa kazi anaweza kuchukua cha kilo 2.5 hadi 3. Mpini uwe wa sentimita 80 hadi 90 kwa mtu mzima. Mpini mfupi ni hatari, kwa sababu ukilikosa gogo shoka huendelea na mzunguko wake hadi kwenye muundi.

Kuna pia shoka la wahunzi wetu, lile ambalo ulimi wa chuma hupenya kwenye kinundu cha mpini. Sifa yake kubwa ni kwamba kila pigo hulikaza zaidi. Kwa kuni za unene wa mkono linafaa kabisa. Kwa gogo pana halifai: ulimi ule hugeuka kabari ndani ya mpini wenyewe, na kinachopasuka ni kinundu.

Gogo likizidi upana wa sentimita 30, achana na shoka. Chukua kabari mbili za chuma na nyundo ya kilo 4. Nasema mbili kwa sababu moja itanasa, na ya pili ndiyo itakayoifungua. Anzia kwenye ufa uliopo tayari kwenye uso wa gogo, karibu na ukingo, si katikati. Mhunzi anaweza kukufulia kabari kwa chuma cha springi au ekseli ya gari, ila mwambie atie ugumu kwenye ncha tu. Kichwa kikiwa kigumu kama nyundo, vipande vya chuma vitaruka, na jicho haliwezi kukwepa. Kichwa laini kitachanua kama uyoga baada ya muda. Zile kingo ziondoe kwa tupa kabla hazijakatika zenyewe. Wala usiigonge kabari kwa mgongo wa shoka. Kuta za tundu la mpini ni nyembamba, zitapanuka au kupasuka, na hapo hakuna mpini utakaokaa tena.

Kabla ya kuilaumu zana, utazame mti. Mkaratusi huchanjika vizuri ungali mbichi. Ukiyaacha magogo mazima yakauke, nyuzi hukaza na kazi huwa ngumu zaidi. Isitoshe, kuni zilizochanjwa hukauka haraka kuliko gogo lenye ganda lake. Mwembe una nyuzi zilizopishana, hivyo usiupige katikati. Umege vipande kandokando. Penye fundo, pigo lipite pembeni yake.

Mpini ukilegea, watu wengi hulitumbukiza shoka kwenye ndoo ya maji. Mbao huvimba, mpini unaonekana umekaza, kumbe nyuzi zinabanwa na kupondeka ndani ya tundu. Ukikauka unalegea kuliko mwanzo, na kichwa kinaweza kuchomoka katikati ya pigo. Tengeneza kabari mpya ya mbao ngumu, igongelee juu ya mpini, ukate kilichozidi. Kwa mpini mpya, mti wa mpera hufaa, mradi nyuzi zikimbie kwa urefu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Chanjia juu ya kigogo kipana cha kimo cha sentimita 30 hadi 40, ili pigo likipita liishie kwenye mbao, si kwenye udongo wenye mawe.

Zimebaki kuni za kuwashia, na hapa vidole vingi huumia, maana mtu hushikilia kijiti kwa mkono mmoja na panga kwa mwingine. Weka panga juu ya kijiti, kisha gonga mgongo wake kwa kipande cha mti, kamwe si kwa nyundo. Mwaka 2013 huko New Zealand, Ayla Hutchinson, akiwa bado mwanafunzi, alibuni njia bora zaidi: makali yamekaa chini yakitazama juu, yamezungukwa na pete ya chuma. Kijiti kinasimamishwa juu ya makali na kugongwa kwa nyundo kutoka juu, huku makali yenyewe hayasogei. Fundi wa kuchomelea anaweza kuitumia fikra hiyo kwa kipande cha bomba pana na kipande cha springi kilichonolewa. Kifungwe kwa skrubu juu ya kigogo, kisiyumbe.