Mnyoo wa Matende na Saa Zake za Usiku

Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari za jioni.

Mnyoo anayeleta matende na mabusha, Wuchereria bancrofti, ana kero moja kubwa kwetu sisi wa maabara: ana saa zake. Jike hukaa kwenye mishipa ya limfu akizaa vijiminyoo kwa maelfu. Mchana vinajibanza kwenye mishipa ya mapafu. Usiku ukishakuwa mzito vinatoka hadi damu ya ngozini, wakati uleule mbu wa Culex, huyu wa vyoo vya shimo na mitaro yetu, anapouma. Kwa hiyo mpimaji wa zamani ilibidi abishe hodi Temeke saa tano usiku aombe tone la damu. Nani atamfungulia?

(Na kabla hatujaendelea: madafu hayaleti busha. Kunyweni.)

Baadaye kikaja kipimo cha haraka cha antijeni, yaani chembe anazoziachia mnyoo kwenye damu, tone la kidole, hata saa sita mchana. Ni hatua kubwa. Lakini antijeni hubaki mwilini muda mrefu baada ya dawa, na Afrika ya Kati kipimo hicho huweza kumsingizia matende mtu mwenye mnyoo mwingine, Loa loa.

Hapo ndipo jenomu inapoingia, yaani maandishi yote ya vinasaba vya mnyoo. Aliyeanza kusomwa ni ndugu yake, Brugia malayi, mwaka 2007, kwa sababu huyo anafugika kwenye wanyama wadogo wa maabara. Wa kwetu hamtaki mwenyeji mwingine zaidi ya binadamu. Jenomu yake ilitoka 2013, pamoja na ya Loa loa.

Mpimaji haihitaji yote. Anatafuta kipande kifupi kilichojirudia mara nyingi mno, ambacho binadamu hana, wala mbu, wala mnyoo mwingine. Kikijirudia hivyo, hata kijiminyoo kimoja kinatosha kukamatwa. Kusema kweli, kipande kinachotumika sana kwa mnyoo huyu kilijulikana tangu miaka ya 1990, kabla ya jenomu kukamilika. Faida ya jenomu ni kwamba sasa kompyuta inapekua maandishi yote na kulinganisha mnyoo kwa mnyoo, hatubahatishi tena.

Mimi kinachonivutia zaidi ni mbu. Tunawanasa mtaani, tunawasaga kwa makundi, tunatafuta kipande kile. Hakuna anayeamshwa usiku. Kikionekana, tunajua mtaani yupo mtu mwenye vijiminyoo, ingawa haithibitishi kwamba vilikomaa ndani ya mbu vikawa tayari kuambukiza. Pale ambapo dawa za minyoo, albendazole na ivermectin, zimegawiwa kwa miaka na wagonjwa wapya wamebaki wachache, ndiyo njia ninayoiamini kwa kujua kama ugonjwa bado unazunguka.

Mzee mwenye busha la miaka mingi, hata hivyo, anaweza kupimwa kwa vipimo hivi vyote asikutwe na kitu, kwa kuwa minyoo yake ilishakufa. Huyo aende akapasuliwe. Upasuaji wenyewe si mkubwa.

Karibuni maswali.