Kumvalisha mbwa wa shamba mkanda bila ya kumkaba

Asalaam alaikum, karibuni tena shambani, hapa nje kidogo ya Konde. Sauti inafika? Mpwa wangu anasema inafika. Haya.

Leo tunamvalisha mkanda wa shingoni huyu bwana hapa, anaitwa Doria. Kazi yake kulinda muhogo: usiku nguruwe mwitu, mchana tumbili. Tangu azaliwe hajafungwa kitu shingoni, na watu wa mifugo wakija na chanjo ya kichaa cha mbwa nataka wamkute tayari. Siku ile mnaijua inavyokuwa: mbwa anakokotwa kwa waya, mwenyewe anatukana, daktari kasimama na sindano hajui ashike wapi. Mbwa huyo mwakani akisikia tu zogo la watu keshaingia msituni. Na chanjo si ya mara moja. Hapa Pemba ugonjwa ulishatoweka, ukarudi 2016, na kilichoumaliza tena ni kuchanja mbwa. Wataalamu wanataka asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa ndipo ukose pa kupita. Sasa nusu wako msituni, hiyo 70 utaipata wapi?

Vitu: mkanda, kamba ya mita mbili, dagaa, na upawa. Dagaa hawa wa Tumbe, wamechemshwa wakaanikwa, kwa hiyo wana chumvi. Waroweke, mwaga maji, wakate vipande vidogo vidogo. Mbwa awe na njaa kidogo, asubuhi kabla hajala.

Upawa ni kwa ajili ya mate. Sitaki kila dagaa mmoja niwe naosha mkono mara saba na udongo, basi nampa kwa upawa, mpini mrefu, mkono uko mbali. Na nyinyi mnaoandika kila wiki "sheikh, mbwa tena?", mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda ana ruhusa yake, kaulizeni. Ila upawa huu usirudi jikoni. Mke wangu keshaupa talaka tatu.

Kaa chini, mpe ubavu, usimkodolee macho. Hiyo rahisi, twende.

Sasa hapa. Hapa nisikilizeni. Toa mkanda, auone. Akishauona, ndiyo dagaa. Ficha mkanda, dagaa wanakatika. Toa tena: mkanda, halafu dagaa. Mkanda kwanza! Si dagaa kwanza. Wengi wanafanya kinyume, wanamwita kwa dagaa, akifika, kabu! wamemkamata. Kesho akiona dagaa anajua ni mtego, anakimbia, na hapo umepoteza mkanda na dagaa pamoja. Mbwa wa Pavlov, yule Mrusi, walikuwa wanadondosha mate kwa ile dalili inayotangulia chakula. Mkanda ndiyo dalili yetu, lazima utangulie. Tazameni: mkanda... dagaa. Mkanda... umeona masikio? Kauona mkanda, kaniangalia mkono wa upawa. Hicho ndicho tunachokitafuta.

Sasa tunasogeza karibu, kidogo tu, mpaka... we! We, usimfuate kuku na kamera! Rudi kwa Doria! Mwacheni kuku apite. Lakini ngoja, hapo hapo, vuta picha kwenye mkia. Mnauona? Umesimama juu, mgumu, unatetemeka kwenye ncha. Mdomo kaufunga, mwili mzima kaganda. Mtu atasema mkia unatikisika, kafurahi, amguse. Asimguse! Mkia wa furaha umelegea, unakwenda na kiuno chote. Huu ni wa mbwa aliyekaza. Tusubiri.

Haya, kuku kapita, kalegea. Tunarudi nyuma hatua moja, mkanda mbali kidogo. Mkanda, dagaa.

Ukikaribia shingo, tazama uso. Kalamba pua na hakuna chakula? Kapiga mwayo na usingizi hana? Kageuza kichwa huku jicho limebaki kwako, weupe unaonekana pembeni? Anakwambia umeharakisha. Rudi nyuma. Akinguruma, shukuru, kakuonya. Usimpige kwa kunguruma. Ukimpiga ataacha kunguruma, hofu itabaki pale pale, na siku nyingine atauma bila ya taarifa. Na aliyeumwa na mbwa, wa kwake au wa jirani, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Si kitunguu, si mafuta ya taa.

Akizoea, fungua mkanda uwe duara pana, upawa upande wa pili. Aingize kichwa mwenyewe. Mwenyewe! Mkono wako usimfuate. Akitoka, atoke. Mimi hapa hukaa hata siku kadhaa, sina haraka, muhogo wenyewe unachukua miezi.

Kufunga bizimu. Mlio ule, "ka!", karibu na sikio, unamtia hofu kuliko mkanda wenyewe. Kwa hiyo uzoeshe mlio kwanza mkanda ukiwa mkononi mwako: ka, dagaa. Ka, dagaa. Na bado ni vile vile, mlio kwanza. Naona dada mmoja kila video anatanguliza dagaa, dada nakuona! Kisha funga, vidole viwili vipite baina ya mkanda na shingo. Imeingia. Doria hana habari, anatafuta dagaa chini.

Kwa ajili ya sindano, mguse nyuma ya shingo kwa mpini mkavu, halafu dagaa. Kila siku bonyeza zaidi kidogo. Sindano yenyewe haizidi hapo.

Kamba: ifunge, mwache aiburute chini huku unamtazama. Ukiishika na ikikaza, simama. Usivute. Ikilegea, dagaa na mnaendelea. Ukivuta naye anavuta, mtashindana mpaka magharibi. Ukimaliza ivue, asiingie nayo vichakani ikanasa kwenye mizizi.

Mikanda hii naishona mwenyewe, ngozi ya ng'ombe, bizimu ya shaba isiyoshika kutu kwa hewa yetu ya chumvi. Mmoja shilingi 8,000, naupeleka Wete au Chake Chake kwa gari ya abiria. Nitumieni kipimo cha shingo kwa sentimita. Jana mtu kanitumia picha ya mbwa amelala kwenye kivuli, ananiuliza, "huyu saizi gani?" Sentimita, yakhe.