Kabla ya Kumkopesha, Mlipe

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mada niliyopewa ni msaada wa serikali kwa biashara ndogo sana, ndogo na za kati. Ni mada pana, na nikisema niizunguke yote tutakesha hapa. Kwa hiyo nimekuja na jambo moja tu, ambalo limekuwa likinikera kwa miaka mingi.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Umoja wa Mataifa, ambao mwaka 2017 uliitenga Juni 27 kuwa siku ya biashara hizi, unakadiria kwamba zinakaribia asilimia 90 ya biashara zote duniani, na zinabeba kati ya asilimia 60 na 70 ya ajira. Hawa si watu wa pembeni. Ni fundi seremala, mshona sare, mwenye lori moja, mpiga chapa, mama anayefanya usafi wa maofisi na wenzake wanne.

Ukitamka "msaada wa serikali", watu wengi huwaza mkopo. Mikopo ina kazi yake, nami siidharau. Naheshimu zaidi mipango ya dhamana. Marekani ilianzisha shirika lake la biashara ndogo, Small Business Administration, mwaka 1953, na katika mpango wake mkuu fedha zinatoka benki. Serikali kazi yake ni kudhamini, na mkopaji akishindwa kulipa inabeba sehemu kubwa ya hasara, hadi asilimia 85 kwa mikopo midogo. Mpango wa namna hiyo unamfaa sana mtu mwenye kazi nzuri ambaye hana nyumba ya kuweka rehani. Mafunzo nayo yanafaa, na kurahisisha usajili kunafaa sana. Brazil iliweka sheria mwaka 2008 inayomwezesha anayejiajiri kujisajili bure kwa mtandao, halafu akalipa kiasi kimoja kidogo kila mwezi kinachojumuisha kodi na mchango wake wa uzeeni.

Haya yote ni mema. Lakini serikali ina sura nyingine, nayo ni mnunuzi. Inanunua madawati, sare, karatasi, ukarabati wa paa, usafiri, chakula cha wagonjwa. Karibu kila nchi, hakuna mteja mkubwa kuliko yeye. Sasa mteja huyu anapochukua mzigo na asilipe, ameshakopa. Amekopa kwa mtu mdogo kuliko wote, tena bila riba, bila dhamana, na bila kuomba.

Hebu tumfuate fundi mmoja. Amepata zabuni ya madawati. Tuseme thamani yake yote ni 100. Mbao, misumari, gundi, vanishi, umeme na vibarua vinamla 88. Faida yake ni 12, na ni faida halali ya mtu aliyetoka jasho. Zile 88 hana mfukoni, kwa hiyo amekopa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Amemaliza kazi kwa wakati, amepeleka, mtunza stoo amehesabu, amesaini hati ya kupokelea mzigo na kugonga muhuri. Fundi anarudi karakanani na ile nakala kaikunja vizuri mfukoni mwa shati.

Kuanzia hapo, kila mwezi unaopita bila malipo unamkata 1.76. Miezi mitatu, imeondoka 5.28. Miezi sita, imeondoka 10.56, amebakiwa na 1.44. Mwezi wa saba jumla ya riba ni 12.32. Faida imekwisha na ameanza kutoa chake. Hakukosea popote. Hakulewa fedha, hakuoa mke wa pili kwa mkopo, kama watu wanavyopenda kumsengenya mfanyabiashara anayeanguka. Alifanya kazi nzuri kwa mteja asiyelipa, basi.

Na hesabu hiyo haina Jumamosi ndani yake. Jumamosi vibarua wanakaa juu ya mabaki ya mbao, wanasubiri ujira. Mwenye mbao aliyekuwa akimpa mali kauli sasa anataka taslimu. Zabuni nyingine ikitangazwa, fundi haombi, kwa sababu mtaji wake wote uko ndani ya lile faili ambalo kila akienda kuliuliza anaambiwa, "Liko kwa mkubwa, njoo wiki ijayo." Halafu, ndugu zangu, huyuhuyu anaalikwa kwenye semina afundishwe utunzaji wa mtiririko wa fedha! Utamfundisha nini mtu kuhusu mtiririko ambao wewe mwenyewe ndiye uliyeuziba?

Waswahili tulishasema, dawa ya deni kulipa. Zipo nchi zilizoiandika dawa hiyo kwenye sheria. Marekani tangu mwaka 1982 ina sheria inayoilazimisha serikali kuu kulipa riba ikichelewesha malipo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2011, umezipa taasisi za umma siku 30, na 60 kwa mazingira maalumu tu. Nataka tuwe wakweli hapa: sheria peke yake haitoshi. Mwaka 2020 mahakama ya Umoja huo iliihukumu Italia kwa kutohakikisha taasisi zake zinaheshimu siku hizo. Lakini hata hukumu hiyo ilipatikana kwa sababu kulikuwa na siku za kuhesabu.

Mexico ilipita njia nyingine. Kuanzia mwaka 2001 benki ya maendeleo ya serikali, Nacional Financiera, iliunda mfumo wa kielektroniki ambamo mnunuzi mkubwa anathibitisha ankara, kisha muuzaji mdogo anaiuza kwa benki na kupata fedha yake mapema. Mnunuzi asipolipa, benki inamdai mnunuzi, si fundi. Nawaomba mlizingatie hilo. Mzigo wa kungoja umeondolewa kwa asiyeuweza na kuwekwa kwa anayeuweza.

Ila sheria iliyonigusa kuliko zote ni ya India ya mwaka 2006. Inasema muda wa kulipa uliokubaliwa na muuzaji mdogo usizidi siku 45, na mnunuzi akipitisha hapo anatozwa riba mara tatu ya kiwango cha benki kuu. Kilichonivutia zaidi kimo kwenye tafsiri ya maneno, mahali ambapo wengi hatusomi. Saa inaanza kuhesabu lini? Maana ukitaka kumchelewesha mtu bila kuvunja sheria, unasema tu, "Mzigo bado hatujaukagua." India imeuziba mwanya huo: mnunuzi mwenye pingamizi alitoe kwa maandishi ndani ya siku 15 tangu apokee mzigo. Akikaa kimya, mzigo unahesabika umekubaliwa tangu siku ulipofika, na siku ile aliyosaini mtunza stoo ndiyo inayohesabiwa.