Asante kwa Yote: Yote Yapi?

Ndugu zangu, nashukuru kwa nafasi hii ya kuzungumza juu ya kuwashukuru baba zetu.

Mwaka 1909, Sonora Smart Dodd alikuwa kanisani mjini Spokane, Marekani, akisikiliza mahubiri ya Siku ya Akina Mama. Akajiuliza: na baba je? Baba yake, William Jackson Smart, alipigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, baadaye akafiwa na mke, akabaki na watoto 6 wa kulea. Juni 1910 mji ule ukaadhimisha Siku ya Akina Baba. Marekani haikuiweka katika sheria mpaka 1972, Sonora akiwa na miaka 90. Akina baba ni watu wa kusubirishwa, naona.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu binti yule alijua hasa anashukuru nini: baba alibaki, akalea. Sisi tunasema, "Asante kwa yote, baba." Yote yapi? Ukimwambia hivyo ataitikia "haya" na kurudi kwenye taarifa yake ya habari.

Hebu mwambie hivi: "Baba, kila usiku ulikuwa unakwenda mlango wa nyuma, unavuta komeo, unapiga hatua mbili, halafu unarudi kulivuta tena. Nilikuwa macho kitandani. Nikishasikia mlio wa pili, ndipo nalala." Pengine atakohoa na kukuuliza kama umeshalipa kodi ya nyumba. Usivunjike moyo. Amekusikia vizuri sana.

Zawadi? Mpe, hakuna ubaya, ila shati la nne la rangi ileile halitamwambia jipya.

Kubwa zaidi ni kumtaka ushauri. Na hapa tuwe wakweli: wengi wetu tunauliza kwa adabu tu, uamuzi tumeshaufanya. Muulize jambo ambalo bado linakusumbua, ufanye alichokuambia, kisha, na hii ndiyo sehemu tunayoisahau, urudi umweleze lilivyokwenda. Hata kama halikwenda vizuri. Baba aliyestaafu anakosa mshahara, ndiyo, lakini anakosa pia watu wa kumngojea aseme neno.

Akianza kuzeeka, msaidie bila kumnyang'anya kazi. Akipanda ngazi kubadilisha taa, usimwamuru ashuke mbele ya wajukuu. Shika ngazi. Mpe taa mkononi. Siku atakayokuambia "panda wewe", panda, naye aishike.

Wako pia ambao baba mzazi hakuwepo, au alikuwepo na mngeomba asiwepo. Sitawalazimisha shukrani. Kama ni mjomba, babu au baba wa kambo aliyekulipia ada na kusimama nawe, basi huyo ndiye mwenye haki ya kusikia haya.

Na wale ambao baba zao hawawezi mazungumzo ya simu kupita dakika moja, waandikieni barua. Barua haimkodolei mtu macho ikingoja jibu. Anza na tukio moja tu, uliandike lote, na useme wazi unamshukuru kwa nini.

Karibuni kwa maswali.